“Ujumbe wako umepokelewa”: Umepokelewa na nani?

Katika tovuti za ofisi za umma, mashirika na shule, imekuwa desturi kuweka fomu ya mwananchi kuandika maoni, maombi au malalamiko yake. Mwananchi hujaza jina lake, anwani yake ya barua pepe na shida iliyompeleka hapo, kisha akabonyeza kitufe cha kutuma. Papo hapo kioo cha simu yake humjibu kwa maneno ya adabu kwamba ujumbe wake umepokelewa na kwamba atajibiwa. Mwananchi huyo huiweka simu mfukoni, moyo umetulia, akaanza kuhesabu siku.

Sentensi hiyo ni fupi na ni ya heshima. Walakini mara nyingi anayeisema hajui kama ni ya kweli, kwa sababu msemaji wake si karani wala ofisa. Ni programu ndogo iliyokaa ndani ya seva, iliyoandikwa na mtu ambaye huenda alikwisha kulipwa ujira wake na kwenda zake miaka mitatu iliyopita. Programu hiyo haikumwona mtu yeyote akiisoma barua. Haikuona hata kama barua yenyewe imefika. Iliikabidhi tu mahali fulani, ikageuka na kumtangazia mwananchi ushindi.

Watumishi waliofanya kazi kabla ya kompyuta kuenea maofisini wanaufahamu utaratibu uliokuwa ukifuatwa. Barua ilipoingia masijala ilipigwa mhuri wa tarehe, ikaandikwa katika daftari la barua ziingiazo, ikatiwa katika jalada lake na kupewa namba. Tarishi aliyepeleka barua ofisi nyingine alikwenda na kitabu cha kukabidhia, na aliyeipokea alitia sahihi yake humo. Utaratibu huo ulikuwa wa polepole, na wengi waliucheka. Lakini barua ilipopotea, palikuwa na mahali pa kuanzia kuitafuta, na palikuwa na mtu wa kuulizwa. Fomu ya tovuti iliyotengenezwa kwa pupa imeondoa daftari, mhuri, kitabu na sahihi kwa pamoja, ikabakiza tabasamu la mpokeaji mgeni ambaye hayupo.

Inafaa watumishi na walimu waelewe mambo haya yanavyokwenda, maana si ya uganga na wala hayahitaji mtu awe mhandisi. Mwananchi anapobonyeza kitufe, maandishi yake husafiri hadi kwenye seva inayohifadhi tovuti. Hapo ndipo programu huyachukua na kuyageuza kuwa barua pepe. Tovuti nyingi hutumia lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf alianza kuitunga mwaka 1994 na kuitoa hadharani mwaka 1995 kwa ajili ya kurasa za watu binafsi. Katika lugha hiyo ipo amri moja iitwayo mail. Mwandishi wa programu huitajia mpelekewa, kichwa cha habari na maneno yenyewe, mstari mmoja tu, na kazi imekwisha. Wepesi huo ndio uliowavutia wengi, na ndio ulioleta maafa.

Amri hiyo, ikiisha kutekelezwa, hutoa jibu la ndiyo au siyo. Waandishi wengi wa programu huichukua ile ndiyo kuwa na maana ya kwamba barua imefika. Sivyo hata kidogo. Mwongozo rasmi wa lugha ya PHP unaeleza waziwazi kwamba maana yake ni kuwa barua imekubaliwa ili ipelekwe, na unaonya kwamba kukubaliwa huko hakumaanishi itafika iendako. Kwa lugha ya masijala ni sawa na kusema: tarishi ameichukua bahasha mezani. Kama tarishi alifika, kama alikuta mlango umefungwa, kama alifukuzwa na mbwa, amri ile haijui wala haitajua. Na hapo ndipo programu ya ofisi inapomwambia mwananchi kwamba ujumbe wake umepokelewa.

Yanayofuata baada ya hapo yana utaratibu wake, tena utaratibu wenye nidhamu kuliko ofisi nyingi za binadamu. Kanuni za seva kupelekeana barua ziliandikwa na Jonathan Postel na kutolewa Agosti 1982. Zimerekebishwa mara kadhaa, na marekebisho makubwa ya mwaka 2008 ndiyo yaliyozoeleka hadi leo. Seva inayotuma huigongea hodi seva inayopokea, hujitambulisha, humtaja mwandishi na mwandikiwa, kisha hukabidhi maneno. Ile inayopokea hujibu kwa tarakimu. Namba 250 ni kukubali. Namba zianzazo na 4 maana yake ni rudi baadaye. Namba zianzazo na 5 ni kukataa kabisa. Anayejibiwa arudi baadaye hapaswi kukata tamaa upesi. Kanuni zinamtaka aendelee kujaribu kwa muda usiopungua siku nne au tano hivi kabla ya kuitangaza barua kuwa imeshindikana.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni maana ya ile 250. Kanuni zinasema kwamba seva ikitoa jibu hilo imebeba dhamana. Kuanzia dakika hiyo ni juu yake ama kuifikisha barua au kumtaarifu mwandishi kwamba imeshindwa, na hairuhusiwi kuipoteza kwa sababu ya kipuuzi, hata kama yenyewe itazimika ghafla muda mfupi baadaye. Mashine imeamriwa isiseme nimepokea mpaka iwe imeiweka barua mahali salama. Laiti sharti hilo lingebandikwa juu ya kila meza ya mapokezi! Kwa bahati mbaya sharti hilo huzifunga seva za barua zenyewe, halifiki mpaka kwenye fomu ya tovuti iliyo mbele yao, na halimfikii ofisa aliye nyuma yao. Barua husafiri kwa heshima katikati ya watu wawili wasio na utaratibu.

Hata ile taarifa ya kushindwa, ambayo kanuni zimeiamuru, katika fomu nyingi humrudia mtu asiyekuwapo. Kwa kuwa barua iliandikwa na programu, taarifa hurudi kwa akaunti ya programu ndani ya seva, akaunti isiyo na msomaji. Huko taarifa za barua zilizokataliwa hurundikana mwezi baada ya mwezi. Ushahidi wote wa uzembe umo humo, umepangwa kwa tarehe na saa, na hakuna aufunguaye.

Lipo kosa jingine lililozaa hasara kubwa zaidi, na lilitendwa kwa nia njema. Mwandishi wa programu alitaka ofisa akibonyeza kitufe cha kujibu, jibu lake limwendee mwananchi moja kwa moja. Kwa hiyo katika nafasi ya jina la mwandishi aliweka anwani ya mwananchi. Tuseme mwananchi ana anwani ya Yahoo. Seva ya ofisi sasa inapeleka barua ikidai kwamba imetoka Yahoo, ilhali Yahoo haina habari nayo. Kwa miaka mingi ulimwengu uliyavumilia mambo hayo, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha na posta isimwulize kitu. Lakini matapeli nao waliutumia uhuru huohuo kujifanya benki, wakuu wa kazi na jamaa za watu, hata ikawa hapana budi kuweka ulinzi.

Ulinzi huo ulijengwa kwa hatua. Kwanza, mwenye jina la kikoa, yaani lile jina lifuatalo alama ya @ ambayo Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971, aliwezeshwa kutangaza hadharani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Utaratibu huo huitwa SPF. Kisha ukaja mhuri wa siri unaotiwa katika kila barua na seva halali, ambao mpokeaji anaweza kuuhakiki na kujua kama barua imechezewa njiani. Huo huitwa DKIM. Hatimaye ukaja utaratibu wa tatu, DMARC, ambao unalitazama jina lionekanalo na msomaji, unauliza kama linaafikiana na orodha au mhuri, na unamwezesha mwenye kikoa kuwaagiza wapokeaji wa dunia nzima wafanye nini na barua isiyoafikiana: waipokee, waitenge, au waikatae.

Aprili 2014 kampuni ya Yahoo iliagiza kwamba barua yoyote inayodai kutoka kwa watumiaji wake lakini haikutoka kwenye seva zake ikataliwe. AOL ikafuata mwezi huohuo. Fomu za tovuti zilizokuwa zikiandika anwani ya mwananchi kama mwandishi zikaanza kukataliwa na wapokeaji walioheshimu agizo hilo. Wananchi wenye anwani hizo waliendelea kubonyeza, na programu ziliendelea kuwashukuru. Hakuna taa nyekundu iliyowaka. Ofisi ambayo ilikuwa ikipata barua kumi kwa juma ilipata nne, na mkuu wa ofisi aliyekuwa mzembe angeweza hata kujipongeza kwamba malalamiko yamepungua.

Mambo hayakuishia hapo. Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti zaidi: kila atumaye barua kwa wateja wao awe na angalau orodha au mhuri, na wale wanaotuma barua zipatazo elfu tano au zaidi kwa siku wawe na vyote vitatu. Masharti hayo ni ya haki. Lakini tovuti iliyotengenezwa miaka kumi iliyopita, ikawekwa katika seva ya kukodi inayokaliwa na mamia ya tovuti nyingine, haiyajui masharti hayo, na barua zake ama hukataliwa au hutupwa katika barua taka ambako ofisa hachunguzi.

Tiba ya kosa hilo ni ndogo mno, na ndiyo maana kuendelea nalo hakuna udhuru. Barua iandikwe kwa jina la ofisi yenyewe, kwa anwani ya kikoa chake, kwa sababu ndiyo iliyoiandika. Anwani ya mwananchi iwekwe katika nafasi yake maalumu ya anwani ya kujibiwa, nafasi ambayo imekuwapo katika barua pepe tangu zamani. Ofisa akibonyeza kujibu, jibu litamwendea mwananchi, na hakuna atakayekuwa amesema uongo. Badala ya kuitegemea ile amri ya mstari mmoja, programu iingie kwenye seva ya barua ya ofisi kwa jina na nywila yake kama mtumishi mwingine yeyote, ipate mhuri, na ipokee jibu halisi la seva hiyo. Mafundi wenye ujuzi wanaifanya kazi hiyo katika siku moja.

Pana na hatari ya wezi. Mwaka 1995 Matt Wright wa Marekani alitoa bure programu iitwayo FormMail, ikaenea katika tovuti nyingi sana. Katika matoleo yake ya awali, anwani ya mpelekewa iliandikwa ndani ya fomu yenyewe, na yeyote mwenye akili ya kuibadilisha aliweza kuifanya seva ya watu impelekee barua mtu yeyote duniani. Wasambazaji wa barua taka hawakuchelewa. Wengine waligundua kwamba wakiingiza alama ya mstari mpya katika nafasi ya jina au kichwa cha habari, wanaweza kuongeza wapelekewa wengine mamia bila mwenye tovuti kujua. Desemba 2016 ikatangazwa kwamba hata PHPMailer, maktaba ya programu inayotumiwa na tovuti nyingi sana, ilikuwa na tundu: anwani ya mwandishi iliyotungwa kwa hila iliweza kumpa adui uwezo wa kuiamrisha seva. Tundu lilizibwa upesi, lakini kuzibwa huko humfaa yule tu anayesasisha programu zake. Ofisi iliyoingiliwa namna hiyo hupata adhabu mara mbili, maana seva yake ikishaandikwa katika orodha za wahalifu, hata barua zake za kweli hukataliwa kila mahali.

Hata hivyo, ofisi inaweza kuyatimiza yote hayo na bado ikamtupa mwananchi. Barua inaweza kutoka na mhuri wake, ikajibiwa 250, ikatua katika sanduku la barua pepe la ofisa aliyehamishiwa mkoa mwingine mwaka juzi. Inaweza kutua katika sanduku la bure alilolifungua mtumishi kwa jina lake binafsi, ambalo nywila yake aliondoka nayo. Siri za wananchi, namba zao za vitambulisho, maradhi yao na magomvi yao ya ardhi, hubaki humo mikononi mwa mtu asiye na dhamana nazo. Tanzania ilitunga Sheria ya Serikali Mtandao mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ni vigumu kuona jinsi sanduku la namna hiyo linavyopatana na madhumuni ya sheria hizo.

Kiini cha tatizo, basi, ni kwamba barua pepe imepewa kazi ya masijala, nayo haikuumbwa kuwa masijala. Barua pepe ni tarishi. Hakuna ofisi iliyowahi kumfanya tarishi kuwa ndiye daftari, ndiye jalada na ndiye kumbukumbu. Programu ya fomu inapaswa kwanza kuyaandika maneno ya mwananchi katika kanzidata ya ofisi, kuyapa tarehe na namba ya kumbukumbu, kuhakikisha kwamba yameandikwa kweli, ndipo imjibu. Baada ya hapo itume barua pepe kwa ofisa kumwarifu kwamba kuna jambo jipya, na nyingine kwa mwananchi yenye namba yake. Barua hizo zikipotea njiani hakuna lililoharibika, maana jambo lenyewe limo katika daftari na ofisa ataliona afunguapo daftari asubuhi. Mwananchi naye ana namba mkononi, na mwenye namba haombi fadhila anapofuatilia.

Umuhimu wa namba hiyo huonekana pale penye ukomo wa siku. Mathalani mwalimu wa wilaya ya mbali ananyimwa kupandishwa daraja, naye amepewa siku thelathini za kukata rufaa. Nauli ya kwenda makao makuu ni sehemu kubwa ya mshahara wake, na tovuti inamwambia anaweza kuwasilisha rufaa yake hapo. Anaiwasilisha siku ya ishirini na anajibiwa kwamba imepokelewa. Siku ya sitini anapiga simu kuuliza. Karani anatazama, haoni kitu, anamwambia kwa sauti ya mtu mkweli kwamba hakuandika. Na karani hasemi uongo. Katika ubishi huo mwalimu hana stakabadhi wala namba. Ana kumbukumbu ya sentensi moja iliyotokea kwenye kioo na kutoweka. Kwa utaratibu wa kazi, yeye ndiye aliyechelewa.

Husemwa kwamba mwananchi mwenye shida ya kweli hatategemea fomu, atapiga simu au atafika mwenyewe. Huo ndio urasimu uliovaa nguo mpya. Fomu iliwekwa ili asilazimike kufika, na aliyeambiwa kwamba amepokewa hana sababu ya kufunga safari. Husemwa pia kwamba ofisi ndogo hazina mafundi. Ni kweli kwamba mafundi ni wachache, na mikataba mingi ya tovuti humalizika siku ya uzinduzi, keki ikishakatwa. Lakini kupima fomu hakuhitaji fundi. Mkuu wa ofisi, au katibu muhtasi wake, anaweza kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kuijaza fomu ya ofisi yake kwa anwani ya kawaida ya nje, mara Gmail, mara Yahoo, kisha akauliza ni nani aliyeipata, saa ngapi, na imeandikwa wapi. Yatakayojulikana katika zoezi hilo la dakika kumi yatazidi taarifa nyingi za robo mwaka.

Kwa walimu wanaofundisha kompyuta, jambo hili lina manufaa ya pekee. Vijana hufundishwa kuandika ile amri ya mstari mmoja, wanaona jibu la ndiyo, wanapewa alama zao. Wangefundishwa vema zaidi kama wangetakiwa kueleza ile ndiyo inathibitisha nini na haithibitishi nini, na kama programu zao zingepimwa kwa seva iliyozimwa makusudi, ionekane zinamwambia nini mtumiaji. Mwanafunzi ambaye programu yake inakiri kwamba imeshindwa, na kumwomba mtu ajaribu tena baadaye, anastahili alama nyingi kuliko yule ambaye programu yake inashukuru huku barua ikiungua. Baadhi ya vijana hao ndio watakaopewa kandarasi za tovuti za halmashauri kesho.

Kwa wakati huu ofisi yenye fomu ina njia mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni kuibadili ile sentensi iwe na vitu vinavyoweza kuhakikiwa: ujumbe umeandikwa kwa namba fulani, siku fulani, utasomwa na mwenye cheo fulani, na jibu litatolewa kabla ya tarehe fulani. Ya pili ni ya ofisi ambayo haiwezi bado kusema maneno hayo na kuyatimiza. Hiyo na iiondoe fomu katika tovuti yake leo, na mahali pake iandike sanduku la posta, namba ya simu inayopokelewa, na saa ambazo mlango wa masijala huwa wazi.